Figo ikiumia inajirekebishaje? Maswali ninayoulizwa karibu kila wiki

Mi ni muuguzi wa wodi ya figo, miaka mingi sasa, na maswali ya ndugu wa wagonjwa ni yale yale, yanakuja kwenye korido, kwenye simu, saa zingine saa nane za usiku. Nimeyakusanya hapa ili nisiwe narudia. Daktari wako ndo mwenye majibu ya vipimo vyako mkononi, mi naeleza tu kinachoendelea mle ndani.

Figo ikishaumia ndo basi tena, au inaweza kupona?

Inaweza kupona, ila inategemea imeumia vipi. Kuna figo kufeli ghafla, yaani mtu juzi alikuwa mzima, akaharisha sana au akapoteza damu au akapata maambukizi makali kwenye damu, leo mkojo hautoki. Hiyo ndo yenye nafasi nzuri ya kurudi. Halafu kuna figo iliyochakaa taratibu kwa miaka kwa sababu ya sukari au presha, hiyo imeshajaa makovu na kovu halirudi kuwa nyama nzima. Watu wanazichanganya hizi mbili, utasikia "mbona fulani alipona ndani ya mwezi", fulani alikuwa na ile ya kwanza bana.

Kwani kinachoumia ni nini hasa mle ndani?

Mara nyingi ni mirija. Kila figo ina nefroni kama milioni 1 hivi, wengine wanazo chache zaidi na wengine nyingi, na kila nefroni ina kichujio kidogo mwanzoni halafu mrija mrefu unaojikunja kunja. Vichujio vyote kwa pamoja vinachuja kama lita 180 kwa siku. Lita 180! Sasa mtu anakojoa lita 1 au 2, zilizobaki zote zinarudishwa kwenye damu na hiyo mirija, pamoja na chumvi na sukari na vitu vingine vya thamani. Ni kazi nzito mno, ndo maana seli za mrija wa mwanzo zimejaa mitokondria, yaani vinu vidogo vya kuzalisha nguvu, na zinakula oksijeni kama moto unavyokula kuni kavu.

Na hapo ndo kwenye ubaya. Sehemu ya mwisho ya mrija huo imeingia ndani kidogo ya figo ambako oksijeni ni haba hata siku za kawaida, yaani seli zenye njaa kuliko zote zimepangiwa kukaa mahali chakula hakifiki vizuri. Presha ikishuka kidogo tu, hizo ndo zinaanza kufa. Sumu nazo zinapenda palepale kwa sababu mirija ndo inazivuta na kuzirundika ndani, jentamaisini, ile dawa ya kuua bakteria, ni mfano mzuri, sisplatini ya saratani pia.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua tone la mkojo wa mgonjwa wa namna hiyo uweke chini ya hadubini. Utakuta vijiti vya rangi ya udongo, vifupi vifupi, vina punje punje, vimekatika ncha. Hivyo ni seli zilizokufa zikabanduka, zikashikamana ndani ya mrija na kuchukua umbo la mrija wenyewe, kama tope lililokauka ndani ya bomba halafu likasukumwa nje. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa nilifikiri kioo kina uchafu.

Huu ujuzi wenyewe sio wa jana, mwaka 1941 wakati London inapigwa mabomu, madaktari wawili, Bywaters na Beall, waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye vifusi, miguu imepondeka, siku ya kwanza wanaongea vizuri, baada ya siku chache mkojo unakatika na wanakufa. Walipozichungulia figo zao wakakuta mirija imeharibika na imezibwa na vijiti vya rangi iliyotoka kwenye misuli.

Sasa huo ukarabati unaendaje, hatua kwa hatua?

Hapa ndo napopapenda mimi kwa hiyo nivumilie.

Sio kila seli inakufa. Kwenye mrija uliopigwa zinabaki zilizo hai, zimejeruhiwa lakini zinapumua. Seli nzima ya mrija juu ina vinyweleo vingi kama brashi, hivyo ndo vinanyonya maji na chumvi. Ikiumia inaangusha hivyo vinyweleo, pampu zake za chumvi ambazo kwa kawaida zinakaa upande wa chini zinahama hovyo zinakaa popote, na zile gundi zinazoishikiza na jirani zinalegea. Kwa hiyo hata ambayo haijafa haifanyi kazi, na mkojo uliochujwa unavuja kurudi ndani ya nyama.

Halafu kunatokea kitu cha ajabu. Seli iliyobaki hai inasahau kwa muda ukubwa wake. Inaacha utaalamu wake wote wa kunyonya chumvi, inajilaza bapa, inajinyoosha kufunika sehemu iliyobaki wazi pale jirani alipobanduka, na inawasha jeni ambazo mara ya mwisho ziliwaka mtoto akiwa bado tumboni figo zinaumbwa. Ni kama fundi mkubwa aliyekuta nyumba inavuja, anaweka chini vifaa vyake vya thamani anashika beleshi kama kibarua yeyote. Baada ya kufunika pengo inaanza kugawanyika, moja mbili, mbili nne. Siku za kawaida seli hizi hazigawanyiki sana, ila kwa panya wa maabara ukikata damu ya figo kwa muda halafu ukairudisha, pilikapilika inafika kileleni kama siku ya 2 au ya 3.

Wakati huo huo lazima maiti zizolewe, maana mrija uliojaa takataka haupitishi kitu. Wazoaji ni makrofaji, seli za kinga, lakini ikagundulika 2008 kwamba seli za mrija zenyewe nazo zinasaidia, zikiumia zinaotesha juu yake protini inaitwa KIM-1 ambayo inazifanya zimeze mabaki ya wenzao. Na hiyo hiyo KIM-1 inaonekana kwenye mkojo, kwa hiyo imekuwa kipimo pia.

Mwisho, pengo likijaa, zinaambiana inatosha, zinaacha kugawanyika, zinasimama wima tena, zinaotesha brashi, pampu zinarudi chini zilikokuwa. Hatua hii ya mwisho ndo watu hawaizungumzii na ndo muhimu kuliko zote, kwa sababu mrija uliofunikwa na seli bapa zisizo na brashi unaonekana pengo lake limejaa lakini haufanyi kazi.

Kuna sharti moja kubwa: utando wa chini ambao seli zinakalia uwe bado upo. Huo ndo ramani, seli mpya zinatambaa juu yake zikijua wapi pa kwenda. Damu ikikatika kabisa kwa muda mrefu mpaka nyama ya nje ya figo yote ife pamoja na utando na mishipa midogo, hapo hakuna wa kutambaa wala pa kutambaa.

Si nasikia seli shina ndo zinafanya hiyo kazi?

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Hivyo ndo ilivyofikiriwa na wengi, kwamba kuna seli za namna hiyo zinatoka kwenye uboho wa mifupa zinakuja na damu zinageuka mirija. Mwaka 2008 Benjamin Humphreys na Joseph Bonventre kule Boston na wenzao walifanya jaribio la akili sana, walichukua panya wakatia alama ya kudumu kwenye seli za mirija yake, alama inayorithiwa na kila seli itakayozaliwa nazo, halafu wakaijeruhi figo na kuiacha ipone. Kama watengenezaji wangekuwa wageni kutoka nje, alama ingefifia, ungekuta seli nyingi hazina alama. Haikufifia. Waliotengeneza walikuwa wenyeji.

Bado kuna ubishi kama kila mwenyeji anaweza kazi hiyo au kuna wachache wenye kipaji zaidi. Kundi la Firenze, Italia, 2018 lilikuja na jambo lingine, kwamba seli nyingi zinazoonekana kama zimejiandaa kugawanyika kumbe hazigawanyiki, zinaongeza tu DNA yao maradufu na kuvimba ukubwa, ili zibebe kazi ya waliokufa. Yaani sehemu ya huo uponaji ni wachache kunenepa, sio wengi kuzaliwa. Mi naona maelezo hayo yanaendana na tunachokiona wodini, lakini hayo ni maoni yangu.

Kwa hiyo matangazo ya sindano za seli shina za kuotesha figo?

Kaa nazo mbali. Zinafanyiwa utafiti kwenye majaribio rasmi, huko mgonjwa halipishwi ili ajaribiwe. Anayekuuzia ana haraka na hela yako.

Mbona ini likikatwa linarudi na figo hairudi?

Kwa sababu nefroni zote ulizonazo uliumbiwa tumboni. Uundaji unakoma kwenye wiki ya 36 ya ujauzito hivi, baada ya hapo kiwanda kimefungwa, umepewa ulizopewa. Figo inaweza kukarabati mrija uliopo, haiwezi kuanzisha nefroni mpya kutoka sifuri. Mtoto aliyezaliwa njiti sana mara nyingi anaanza maisha na nefroni chache zaidi, ndo maana anafaa kupimwa presha na mkojo hata akishakuwa mtu mzima, na hili linasahaulika kabisa.

Samaki wao wanaweza. Yule samaki mdogo wa maabara mwenye mistari, zebrafish, ukimpa jentamaisini ya kuua mirija anatengeneza ile iliyopo na juu yake anaotesha nefroni mpya kabisa. Sisi mamalia tumenyimwa hiyo.

Nikimpa kaka yangu figo moja, itaota nyingine?

Haioti, ila iliyobaki inatanuka. Nefroni ni zile zile kwa idadi, kila moja inakua na kuchuja zaidi, na inaanza mapema, siku chache tu baada ya upasuaji. Mwisho wake figo moja inafanya kama asilimia 60 hadi 70 ya kazi iliyokuwa inafanywa na mbili, sio 50 kama hesabu ya kawaida ingesema. Ndo maana mtoaji aliyepimwa vizuri anaishi maisha yake. Ila na yeye asipotee, presha na mkojo vipimwe kila mwaka.

Sista, baba amekaa siku tisa hakojoi, tusubiri mpaka lini?

Swali gumu hili na kila ndugu analiuliza kitandani kwa sauti ya chini mgonjwa asisikie. Kwa kawaida ile hali ya mkojo kidogo inakaa wiki 1 hadi 2, wengine siku chache, wengine wiki kadhaa. Kwa hiyo siku ya tisa sio siku ya kukata tamaa. Baada ya hapo mkojo unaanza kurudi, halafu kuna miezi ya kuimarika taratibu. Ikipita miezi 3 bado hajarudi, ndo madaktari wanaanza kuiita ni ya kudumu, na hata hapo wapo wachache wanaochelewa wakatushangaza.

Kinachoamua ni nini kiliua mirija na kama kimeondolewa, umri, na figo ilikuwaje kabla. Mzee mwenye sukari ya miaka 20 akipigwa na maambukizi haponi sawa na kijana aliyeharisha.

Mkojo umeanza kutoka tena na sasa ni mwingi sana, si amepona?

Subiri kwanza. Namkumbuka mgonjwa mmoja, mfuko wa mkojo kwa siku kadhaa ulikuwa na mililita 40, 60, rangi ya chai iliyokolea. Usiku mmoja nikaenda kupima nikakuta 300 asubuhi haijafika, nikarudia kusoma alama za mfuko na tochi. Siku tatu baadae alikuwa anatoa zaidi ya lita 4 kwa siku, ndugu zake wanashangilia, na mimi ndo nikaanza kuwa na wasiwasi.

Manake ni hivi. Vichujio vimefunguka na bomba zimezibuka, lakini seli za mirija bado ni zile bapa, hazijaotesha brashi, hazijui bado kurudisha maji na chumvi. Kinachochujwa kinapita tu. Mgonjwa anaweza kukauka, potasiamu ikashuka, presha ikaanguka, na presha ikianguka figo iliyo katikati ya matengenezo inapigwa mara ya pili palepale. Kwa hiyo huo wakati tunapima damu mara kwa mara na tunarudisha maji kwa hesabu. Usishangae pia kreatini (creatinine, taka ya misuli tunayoipima kwenye damu kujua figo inachujaje) kuchelewa kushuka siku kadhaa wakati mkojo unamwagika, mkojo mwingi wa maji matupu haujabeba taka nyingi.

Kreatini imerudi kawaida, kwa nini bado wananiambia nirudi kliniki?

Hili ndo swali ambalo ningependa kila mtu aliyewahi kufeli figo alisome mara mbili.

Kreatini ni kipimo kivivu. Unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo na namba bado ikasomeka kawaida, kwa sababu nefroni zilizobaki zinafanya ile kazi ya kutanuka niliyoieleza kwa mtoaji. Na mtu aliyelazwa wiki tatu amekonda, misuli imepungua, kreatini inatoka kwenye misuli, kwa hiyo namba inashuka hata kama figo haijapanda. Unatoka na karatasi inasema kawaida, umebaki bila akiba.

Figo iliyopona jeraha inabaki na hatari kubwa zaidi ya kuumia tena na ya kugeuka ugonjwa sugu baadae, hata kwa aliyepona vizuri. Kwa hiyo miezi 3 baadae rudi, pima kreatini tena, pima na albumini, yaani protini ya damu, kwenye mkojo. Hicho cha pili kinasahaulika na mi naona ndo kina maana zaidi, protini ikivuja inaonyesha nyumba ina ufa ambao ukuta wa mbele hauuonyeshi.

Kuna kijana tulimruhusu akiwa mzima kabisa, hatukumwandikia sehemu yoyote kwamba figo ilifeli, kwenye fomu yake kulikuwa na jina la maambukizi tu. Mwezi wa pili mgongo ukamuuma akanunua diklofenaki kama mtu yeyote anavyonunua, akameza siku nane. Akarudi kwetu. Kosa lilikuwa letu, sio lake. Tangu siku ile nawaambia watu waandike wenyewe kwenye simu zao: niliwahi kufeli figo mwezi fulani, mwaka fulani.

Makovu yanatoka wapi kama seli zinajirekebisha vizuri hivyo?

Kwa sababu sio zote zinafaulu. Seli ikitaka kugawanyika inanakili DNA yake kwanza, halafu inakagua kama nakala ni nzima kabla ya kuendelea. Iliyojeruhiwa sana inakuta mapasuko mengi inasimama pale pale kwenye ukaguzi, haigawanyiki, haifi, hairudi kwenye kazi yake ya zamani. Mwaka 2010 kundi la Bonventre walionyesha kwa panya kwamba seli zilizokwama hivyo hazikai kimya, zinamwaga protini za kuita kovu. Zinapiga kelele siku zote kana kwamba ajali inaendelea.

Wanaosikia kelele hizo ni seli zilizokumbatia mishipa midogo ya damu pembeni ya mrija. Zinaachia mishipa, zinageuka kuwa watengeneza nyuzi, zinaanza kumwaga kolajeni. Hasara inakuwa mara mbili: nyuzi zinabana mirija, na mishipa iliyoachwa bila wa kuishika inanyauka, oksijeni inapungua zaidi, seli nyingine zinateseka, mduara unajiendesha wenyewe.

Na makrofaji zina sura mbili humo humo. Siku za mwanzo zinakuja na hasira, zinachoma na kusafisha, baada ya siku chache zinatakiwa zibadilike ziwe za kutuliza na kujenga. Zikichelewa kubadilika, au zikijenga bila kukoma, unapata kovu. Kwa hiyo sio kweli kwamba uvimbe wote ni adui, ndo maana kumpa kila mtu dawa za kuzima kinga sio suluhisho.

Jeraha moja dogo linapita. Madogo mengi yanayorudiarudia, au moja kubwa juu ya figo ya zamani, ndo yanaacha seli nyingi zilizokwama.

Na vichujio vyenyewe vikiumia?

Habari sio nzuri sana. Kichujio kina seli zenye miguu mingi kama pweza, zinaitwa podositi, zimekumbatia mishipa na ndo zinazuia protini isitoke. Hizi hazigawanyiki kwa maana ya kusaidia, ukipoteza moja zilizobaki zinajinyoosha kuziba nafasi, zikizidiwa kichujio kinakauka kuwa kovu na mrija wake unakufa nacho. Kuna seli za ukuta wa nje wa kichujio zinazodhaniwa zinaweza kuzijaza kidogo, utafiti unaendelea. Ndo maana magonjwa ya vichujio yanatibiwa kwa haraka na kwa dawa nzito, tunakimbizana na kovu.

Dayalisisi inaponya figo?

Hapana, ni mashine ya kuchuja damu badala ya figo, inakushikia nafasi tu. Willem Kolff alitengeneza mashine yake Uholanzi 1943 katikati ya vita, wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa, mpaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 aliyekuwa hajitambui akawekwa kwenye mashine, akazinduka, na figo zake zikarudi zenyewe. Mashine haikuzitengeneza, ilimweka hai mpaka mirija ikamaliza kazi yake.

Na hapa nijibu na lile la "ukishaanza dayalisisi hutoki". Kwa aliyefeli ghafla wengi wanatoka. Wanaobaki ni wale ambao figo ilikuwa imeisha kabla, na wangebaki hata wasingeanza, tofauti ni kwamba wasingekuwepo. Tunachokiogopa sisi kwenye mashine ni presha kuanguka wakati wa kuchuja, kwa hiyo kwa mgonjwa tunayemtegemea kupona hatutoi maji kwa pupa, na mgonjwa akisema kichwa kinazunguka tunasikiliza.

Nikinywa maji mengi zitapona haraka?

Kama ulikauka, ndio, maji ndo dawa. Kama haujakauka, hapana. Na kama haukojoi, maji mengi yanaenda kwenye mapafu. Nimeona mtu analetwa anahema kwa sababu nyumbani wamemnywesha ndoo "kusafisha figo". Kunywa kiasi ulichoambiwa.

Kuna dawa ya kuharakisha ukarabati?

Hakuna hata moja iliyothibitishwa kwa binadamu kwa kazi hiyo mpaka sasa. Zipo nyingi zilizoponya panya. Shida moja ni kwamba panya anatibiwa saa ileile au hata kabla ya jeraha, binadamu anafika siku mbili tatu baada ya mambo kuharibika.

Tunachofanya kinachekesha kwa udogo: tunaondoa kilichoua, tunashikilia presha na maji, tunaacha dawa zinazoumiza, tunapunguza dozi za zile zinazotoka kwa figo, tunasubiri. Kwa ugonjwa sugu ni tofauti, huko dawa zipo, za presha zinazoishia na -prili au -satani, na siku hizi za kundi la SGLT2, zilizoanza kama dawa za sukari, hizi zinapunguza kasi ya kuharibika, hazioteshi kilichokufa.

Dawa za asili za kusafisha figo je?

Figo haisafishwi, yenyewe ndo msafishaji. Sisemi kila mmea ni sumu, nasema figo inayojengwa upya ndo mahali pabaya kuliko pote pa kujaribia. Mfano ninaoutoa kila siku ni wa Ubelgiji, miaka ya 90 mwanzoni, wanawake walipewa vidonge vya mimea vya kupunguza uzito, ndani kulikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia, figo zao zikajaa makovu na wengine baadae wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea tu, wa asili kabisa.

Dawa zangu za presha zilisimamishwa hospitali, nizianze mwenyewe?

Usianze mwenyewe na usiziache milele. Pande zote mbili nimeona watu wakiumia. Uliza siku ya kutoka: zipi zinarudi, lini, na nani atapima potasiamu baada ya hapo. Ukiondoka bila jibu la hayo matatu rudi mlangoni.

Na za maumivu?

Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yao hapana. Zinabana mshipa unaoleta damu kwenye kichujio, na ukichanganya na dawa ya presha na ya kukojosha wakati unaharisha umejitengenezea ajali mwenyewe. Parasetamo kwa dozi ya kawaida ndo ya kuanzia.

Nipunguze protini ili figo ipumzike?

Aliyetoka kufeli ghafla anahitaji chakula, seli hazijengwi kwa hewa. Kubana protini ni habari ya ugonjwa sugu na kunapangwa na mtu wa lishe. Wengi ninaowaona wanajinyima bila sababu na wanadhoofika.

Siku hizi si wanatengeneza figo maabara?

Wanatengeneza vipande. Mwaka 2015 kundi la Melissa Little huko Australia lilikuza kutoka kwenye seli shina za binadamu vijinyama vyenye nefroni ndogo ndani yake, ukiangalia picha unaona kabisa kichujio na mrija. Lakini ni vichanga, havina mishipa ya damu ya kutosha wala njia ya kutolea mkojo. Vinatusaidia kujaribu sumu na dawa bila kumgusa mtu. Kuvipandikiza vikakojoa, bado.

Nitajuaje nimeumia tena mapema?

Tatizo figo haiumi. Angalia mkojo kupungua ghafla, miguu kuvimba, kichefuchefu kisichoeleweka, kuhema ukilala. Lakini usingoje hayo. Ukiharisha au kutapika zaidi ya siku moja na umewahi kufeli figo, nenda ukapime kreatini hata kama unajisikia vizuri, na kaa na namba yako ya kawaida uliyopimwa ukiwa mzima. Kreatini ikipanda kwa maikromoli 26.5 tu kwa lita ndani ya saa 48 tayari inahesabika ni jeraha, na bila namba ya zamani hakuna daktari atakayejua kwamba imepanda.